Kamera Haitatupatanisha

Usiku wa Aprili 5, 2024 nilikuwa kwenye banda la kuonyeshea mpira huku Temeke, nimebanwa kwenye benchi katikati ya mashabiki wa Yanga. Mimi ni Simba tangu utoto. Timu yangu ilikuwa na mechi yake usiku uleule na Al Ahly kule Cairo, lakini niliwahi ili niwatazame watani wakicheza na Mamelodi Sundowns pale Loftus Versfeld, Pretoria, na nia iliyonipeleka haikuwa njema. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti. Mpira ukapiga mtambaa panya kwa chini, ukadunda golini, ukarudi uwanjani. Banda zima likaruka. "Imevuka! Imevuka hiyo!" Sisi wekundu wanne tuliokuwa kona ile tukapiga kelele kuwashinda: haijavuka.

Yakaja marudio, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Runinga moja, picha moja, na kila yaliporudiwa wao walizidi kuona mpira uko ndani, nasi tulizidi kuuona uko kwenye mstari. VAR, mfumo wa refa wa video, ilikuwepo. Waliokaa kwenye chumba cha video walikuwa na picha nyingi kuliko sisi, na goli halikutolewa. Dakika 180 zikaisha bila bao, ikaenda kwenye matuta, Sundowns wakashinda 3-2. Simba nao wakafungwa 2-0 kule Cairo, jumla 3-0. Klabu zetu mbili kubwa zimetolewa robo fainali ya Afrika usiku mmoja, na asubuhi yake kijiweni hakuna aliyezungumzia hilo. Ubishi ulikuwa mmoja tu, imevuka au haijavuka.

Naukumbuka usiku ule kila ninaposikia maneno ambayo kwenye soka letu yamekuwa kama dua: VAR ikienea kwenye ligi, malalamiko yataisha. Viongozi wa klabu wanayasema, wachambuzi wa redio wanayasema, bodaboda anayasema akikupeleka Mbagala. Yanasemwa kwa uhakika wa mtu anayesubiri mvua baada ya kiangazi. Mimi siamini. Tunayoililia VAR ituondolee hayamo kwenye picha, kwa hiyo picha haiwezi kuyaondoa.

Tuanze na jicho. Mwaka 1951 huko Marekani vyuo vya Princeton na Dartmouth vilikutana kwenye mpira wa Kimarekani, mechi ya rafu tupu: nyota wa Princeton alitoka na pua iliyovunjika, mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Kila chuo kikalia kuonewa. Wanasaikolojia wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, wakawaonyesha wanafunzi wa pande zote mbili filamu ileile ya mechi na kuwataka waandike kila kosa wanaloliona. Wanafunzi wa Princeton waliwaona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Utafiti ule ulichapishwa mwaka 1954. Wale vijana hawakuwa waongo. Kila mmoja aliandika alichokiona, na alichokiona kilipitia kwanza kwenye rangi ya chuo chake.

Filamu ile ndiyo marudio ya leo. Tofauti ni kwamba yetu ina rangi, inapunguzwa mwendo, na kila mtu anayo kwenye simu yake.

Wapo watakaosema sawa, mashabiki tuna ushabiki, lakini refa wa video hana timu. Kazi yake ni kutazama na kutoa jibu. Hao nawakumbusha Septemba 30, 2023, Tottenham na Liverpool, London. Luis Díaz anafunga, kibendera kinanyooshwa: ameotea. Hakuwa ameotea. Picha ilionyesha wazi, na refa wa video aliona wazi. Lakini kichwani mwake aliamini kwamba uwanjani goli limekubaliwa, hivyo akajibu kwamba ukaguzi umekwisha na uamuzi uko sahihi. Refa wa kati naye akasikia kwamba uamuzi wake wa kulikataa goli uko sahihi. Mpira ukaanza. Punde chumba kizima kikagundua kilichotokea, na wakaona sheria haiwaruhusu tena kusimamisha mchezo. Liverpool walifungwa 2-1 kwa goli la kujifunga dakika za nyongeza. Kamera ilifanya kazi yake bila dosari. Waliokosea ni watu wawili waliokuwa wakizungumza kila mmoja akimaanisha jambo lake.

Mechi ile ina jambo la pili ambalo huku kwetu hatulisemi. Siku chache baadaye marefa wa Uingereza waliitoa sauti ya chumba kile hadharani. Watu wakasikia hofu, wakasikia mtu akitambua kosa lake na kuishiwa maneno. Hawakusikia wizi. Mashabiki wa Liverpool hawakuacha kukasirika, na walikuwa na haki, lakini walijua wanakasirikia nini. Kwa Aziz Ki sisi tulibaki na picha peke yake. Hatukujua chumba cha video kilijadili nini wala kiliishia wapi. Ndipo mashabiki wa Yanga wakakumbuka kwamba rais wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF), Patrice Motsepe, ndiye aliyekuwa akiimiliki Sundowns, na wakajaza wenyewe pengo lile. Sisemi alihusika, sina sababu ya kusema hivyo. Nasema mtu akinyimwa maelezo hutengeneza yake, na hayo ya kutengeneza hayafutiki kwa kamera.

Kamera yenyewe tunaipa sifa isizokuwa nazo. Kamera ya kawaida ya matangazo huchukua picha 50 kwa sekunde. Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 16 kati ya picha moja na inayofuata, na bado tunagombania kuotea kwa ukucha wa kidole. Mpira nao, ili uwe goli, lazima uvuke mstari wote, na kamera isiyokaa sawasawa na mstari haiwezi kukuhakikishia hilo. Ndiyo maana ipo teknolojia ya mstari wa goli, ambayo hutumia kamera saba kwa kila goli na kumpelekea refa jibu kwenye saa yake ndani ya sekunde moja. Hicho ni chombo kingine kabisa. Mwenye VAR bila chombo hicho bado anaweza kuachwa akibishana na kivuli cha mpira.

Twende Hispania, maana wao VAR wanayo tangu msimu wa 2018/19. Kama dua yetu ni ya kweli, kule leo kungekuwa shwari. Februari 2025 Real Madrid, baada ya kufungwa na Espanyol, iliandika barua ya hasira kwa shirikisho ikidai mfumo wa marefa hauaminiki tena. Runinga ya klabu hiyo hutengeneza video za kuhesabu makosa ya refa kabla hajachezesha mechi yao. Aprili mwaka uleule, siku moja kabla ya fainali ya Kombe la Mfalme kati ya Madrid na Barcelona, refa Ricardo De Burgos Bengoetxea alikaa mbele ya waandishi akalia. Alieleza jinsi mtoto wake anavyoambiwa shuleni kwamba baba yake ni mwizi, na kurudi nyumbani analia. Misimu saba ya VAR, na mtoto wa shule anabeba lawama ya penalti ambayo dunia nzima imeirudia mara ishirini. Kabla ya VAR shabiki angeweza angalau kusema refa hakuona. Sasa tunasema ameona, ameonyeshwa, na bado ameamua vile, basi amenunuliwa. VAR imemnyang'anya refa kisingizio cha macho na kumwachia tuhuma ya moyo.

Sisemi itupwe. Inafuta magoli ya mkono, inakamata kiwiko kilichopigwa nyuma ya mgongo wa refa, na Mei 2019 pale Radès tuliona Wydad wakigoma kuendelea na fainali dhidi ya Espérance kwa sababu goli lao limekataliwa na mtambo haufanyi kazi. Chombo kizuri kije. Ninachokipinga ni kukingoja kama mwokozi huku tukiyaacha yale yanayotutafuna.

Maana ugomvi mkubwa wa msimu wa 2024/25 kwenye ligi yetu haukuhusu penalti. Ulihusu geti. Machi 8, 2025 dabi ya Kariakoo haikuchezwa. Simba walisema walizuiwa kufanya mazoezi kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi, wakagoma, Bodi ya Ligi ikaiahirisha, Yanga nao wakakataa katakata kurudi siku nyingine. Watu walikuwa wamesafiri kutoka Mwanza na Mbeya kwa mabasi. Mechi ile ilichezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Miezi mitatu na nusu nchi nzima ilibishana, na sijui VAR ingewekwa upande gani wa geti lile.

Na tunaposema "wanabebwa", tunamaanisha nani? Simba tunawaambia Yanga wana mbeleko, Yanga wanatuambia mbeleko ni yetu. Redio nazo ni hivyohivyo: mchambuzi mmoja anaitwa chawa wa Jangwani, yaani wa Yanga, na jioni mashabiki wa Jangwani wanamwita huyohuyo chawa wa Msimbazi, yaani wa Simba. Kila upande unaamini vyombo vya habari viko kwa mwenzake. Nadhani wote tunakosea mahali pamoja. Mbeleko ipo, lakini imetubeba sisi wawili.

Watafiti wa Uingereza walichapisha jambo mwaka 2002 ambalo kila kocha wa timu ndogo analijua kwa uchungu. Waliwapa marefa 40 matukio 47 ya mechi moja ya Liverpool na Leicester wayaamue kwenye video, baadhi yao wakisikia kelele za uwanja na wengine bila sauti. Waliosikia kelele walitoa rafu pungufu kwa asilimia 15.5 dhidi ya timu ya nyumbani. Hakukuwa na bahasha wala simu ya usiku, kelele tu zilitosha. Sasa chukua Mkapa, viti 60,000, umwingize refa ambaye kazi inayomlisha ni nyingine, umpe Prisons ya Mbeya upande wa pili. Sisi wenye timu kubwa tuna kelele hata ugenini: tunajaza uwanja wa Sokoine, tunajaza Kaitaba, tunajaza Mkwakwani kuliko wenyeji. Na mwamuzi wa video anaposema "njoo utazame", refa huiendea runinga ile ya pembeni akiwa na kelele zilezile masikioni.

Mechi inapokwisha, kelele zinahamia redioni. Vipindi vya asubuhi vitatumia saa nzima kwa mpira wa kurushwa wa Simba. Katika miaka yangu yote ya kusikiliza, sijasikia saa nzima ikitolewa kwa penalti ambayo Kagera Sugar wamenyimwa. Tukuyu Stars walikuwa mabingwa mwaka 1986, Coastal Union mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Tangu Mtibwa ile hadi msimu wa 2024/25 kombe halijatoka nje ya Dar es Salaam hata mara moja. Fedha ndiyo sababu kubwa, sikatai. Lakini tunapojadili haki kwenye mpira wetu kana kwamba ligi ina timu mbili badala ya 16, tunawadhulumu wale 14 mara ya pili.

Ningekuwa na nafasi ya kuomba jambo moja kwa Bodi ya Ligi, nisingeomba mtambo kwanza. Ningeomba maelezo. Kamati yake ya Saa 72, inayopitia mechi zilizochezwa, inakaa, na sisi tunatangaziwa kwamba refa fulani ameondolewa kwenye ratiba kwa kushindwa kuzitafsiri vyema sheria. Sheria ipi? Dakika ya ngapi? Alidhani ameona nini? Aandike, au aeleze kwa sauti yake. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023 refa alitoka kwenye runinga ya pembeni akatumia kipaza sauti kuuambia uwanja mzima amefikia uamuzi gani baada ya kutazama. Kipaza sauti ni bei rahisi kuliko VAR. Halafu idadi ya kamera iwe sawa kila uwanja, ili mechi ya Mashujaa kule Kigoma itazamwe kwa macho mengi kama dabi.

Miezi michache iliyopita niliikuta tena video ya Loftus kwenye simu, usiku, peke yangu, bila mtu wa kumshinda kwa kelele. Nikaitazama mara nyingi. Kesho yake nikamfuata jirani yangu, mzee wa Yanga ambaye tumekunywa naye kahawa kijiwe kimoja kwa miaka mingi na ambaye usiku ule alikuwa benchi moja nami.

"Mzee wangu, ule mpira naona ulivuka."

Akaweka kikombe chini. "Sasa kwa nini usiku ule ulinibishia?"

Nikamwambia kwamba usiku ule sikuuona ukivuka.