Uthibitisho Uliotumika Usipokewe Tena

Taasisi inayonunua mfumo wa kuingia mara moja, ule unaomruhusu mfanyakazi kuandika nywila asubuhi kisha akafungua barua pepe, mishahara na mafaili bila kuulizwa tena, imuulize muuzaji swali moja kabla ya kutia saini: uthibitisho, yaani ujumbe unaoiambia seva kwamba mtumiaji ameshaingia, ukiletwa tena baada ya kutumika, mfumo utaukataa?

Akianza kusifu usimbaji na sahihi za kidijitali, hajajibu. Mdukuzi anayerudisha uthibitisho uliotumika havunji sahihi. Hunasa ujumbe halali na kuurudisha vilevile ulivyo. Seva hukagua sahihi, huikuta sawa, hufungua. Tiketi ya boti isiyochanwa getini itavusha watu wengi, ingawa si ya bandia.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1981 watafiti Dorothy Denning na Giovanni Sacco walionyesha tundu hilo katika itifaki ya kuthibitisha utambulisho ya Needham na Schroeder ya 1978, wakapendekeza ujumbe ubebe muhuri wa wakati. Kanuni za SAML 2.0, kiwango cha mifumo ya kuingia mara moja, za mwaka 2005 zinaitaka seva inayompokea mtumiaji ikumbuke kila uthibitisho ilioupokea mpaka muda wake uishe. Kuandika kanuni ni rahisi. Taasisi yenye seva nne lazima zote zichangie kumbukumbu hiyo, la sivyo uthibitisho uliotumika kwenye ya kwanza utapokewa na ya pili. Ni kazi ya ziada, na wako watengenezaji wanaoikwepa wakitegemea muda mfupi wa uhalali pekee. Dakika tano ni nyingi mno kwa programu inayohitaji sekunde moja.

Tokeni za vikao, yaani alama zinazomwacha aliyekwisha kuingia aendelee bila kuulizwa nywila, nazo zina hatari hiyohiyo. Mwaka 2023 wavamizi waliingia katika mfumo wa huduma kwa wateja wa kampuni ya Okta, inayouza mifumo ya kuingia mara moja, wakafikia mafaili ya wateja 134. Baadhi yalikuwa na tokeni zilizo hai, nazo zikatumika kuteka vikao vya wateja watano. Nywila haikuhitajika.

Tunasema kinga ya kukataa uthibitisho uliotumika iwashwe tangu mfumo unaposakinishwa, isiachwe iwe hiari ya fundi. Na mnunuzi asiridhike na maneno: mafundi wake waingie, wanase uthibitisho, wautume tena kwa kila seva. Ukipokewa hata na moja, malipo yasitoke.