Kabla ya Kusimama Mbele ya Watu

Ndugu wanachama,

Mikutano yetu ya Jumapili hujaa watu, lakini mara nyingi watu hao hurudi Makongeni, Kaloleni na Shauri Moyo bila kujua waliitiwa nini. Msemaji amepaza sauti saa nzima, amepigiwa makofi, na Jumatatu mshahara ni ule ule. Tena tajiri naye hupata habari za mkutano. Akisikia kwamba hatukuwa na neno moja, hutulia kitini kwake.

Ndiyo sababu twaandika juu ya kazi hii ya kusema mbele ya watu. Ni kazi kama kazi nyingine, nayo hufunzwa.

Wazee wetu waliijua. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, walipogoma, walikutana katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akawa msemaji wao. Tarehe 23 Aprili 1950, hapa hapa katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama akataka nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa mpaka 1961. Mwaka 1955 Tom Mboya aliwaendea makuli wa Mombasa waliogoma, akawaeleza sababu ya kurudi kazini wakati shauri lao likisikizwa, na nyongeza ikapatikana. Kuwaambia watu wagome si vigumu. Kuwaambia warudi kazini, nao wakakuamini, hapo ndipo msemaji hupimwa.

Basi ndugu, ukipewa nafasi ya kusema, fanya hivi.

Kwanza, jua unataka watu wafanye nini. Liandike neno hilo kwa mstari mmoja. Likikushinda kuliandika, wasikiaji hawataweza kulichukua nyumbani.

Pili, tafuta hesabu. Usiseme "tunanyonywa" ukaishia hapo. Kaa na wenzako wa gangi, omba karatasi za mshahara za watu watatu walio radhi, uzilinganishe na mapatano ya chama. Saa ngapi za ziada zilifanywa? Ngapi zililipwa? Kelele hujibiwa kwa kelele, lakini hesabu haina budi kujibiwa kwa hesabu.

Tatu, jua sheria. Katiba ya 2010 yatupa haki ya kukutana kwa amani katika kifungu cha 37, na haki ya chama na ya kugoma katika kifungu cha 41. Lakini mkutano wa hadhara wataka taarifa katika kituo cha polisi, si chini ya siku 3 kabla, wala si zaidi ya siku 14. Katibu asingoje Jumamosi jioni.

Nne, siku yenyewe sema Kiswahili ambacho Mluo, Mkamba, Mkikuyu na Mluhya watakisikia sawasawa. Mtazame mtu aliye nyuma kabisa. Akikusikia yeye, wote wamesikia. Gari moshi likipita, nyamaza mpaka lipite. Dakika 15 zatosha. Shika karatasi ndogo yenye vichwa vya maneno, usisome kama barua.

Tano, chunga ulimi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukimtukana meneja, kesho atajibu matusi, na habari ya mshahara itasahauliwa. Usiguse kabila la mtu. Usiahidi jambo ambalo kamati haijalipata, kwa maana mwanachama aliyedanganywa mara moja haji tena, wala halipi ada.

Mwisho, wape watu nafasi ya kuuliza, na kina mama wafanyakazi wasiachwe nyuma. Kisha rudia lile neno moja, watu wainue mikono, katibu aandike idadi. Idadi hiyo ndiyo wajumbe wetu wataiweka mezani kwa tajiri.

Twaomba kila tawi lichague ndugu wawili, mmoja awe kijana, wajizoeze katika mikutano midogo ya tawi kabla ya kupanda jukwaani. Mfanyakazi ana Jumapili moja tu kwa juma. Akitupa saa yake moja, tusimrudishe nyumbani mikono mitupu.

Umoja ni nguvu.