Mabao matano tuliyofungwa Morocco, Haji Mnoga na swali la uraia

Chukua kalamu, msikilizaji, tuhesabu pamoja. Katika fainali za AFCON zilizofanyika Morocco, Desemba 2025 hadi Januari 2026, Taifa Stars ilicheza mechi nne. Nigeria walitufunga 2-1. Tukatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha 1-1 na Tunisia. Kwa pointi hizo mbili tukavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu, na katika hatua ya 16 bora wenyeji Morocco wakatutoa kwa bao 1-0. Jumla tulifungwa mabao matano.

Sasa tuwatazame wafungaji. Mabao ya Nigeria yalifungwa na Semi Ajayi na Ademola Lookman, wote wawili wazaliwa wa Uingereza. La Uganda alilifunga Uche Ikpeazu, naye mzaliwa wa London. La Tunisia, la penalti, lilikuwa la Ismaël Gharbi, aliyezaliwa Paris. Lililotutoa mashindanoni alilifunga Brahim Díaz, mzaliwa wa Málaga, Hispania.

Mabao matano, wafungaji watano, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa Afrika. Kwa hiyo mjadala wa vijiweni pale Madizini, kwamba je, hawa wachezaji wenye damu mbili wana faida gani kwa timu ya taifa, tayari una sehemu ya jibu. Wenzetu wameshawatumia, na sisi ndio tuliofungwa.

Kijana wa Portsmouth

Kwa upande wetu, mfano mzuri wa kuutazama ni Haji Mnoga. Jina hilo ukilisikia Unguja au Pemba hugeuki nyuma, lakini mwenyewe alizaliwa Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, Aprili 2002. Asili yake ya Tanzania inatoka kwa baba.

Alilelewa kisoka na klabu ya mji wake, Portsmouth. Oktoba 2018, akiwa na miaka 16 tu, alipangwa kwenye kikosi cha wakubwa katika mashindano ya EFL Trophy. Alivaa pia jezi ya vijana wa Uingereza chini ya miaka 17. Ungedhani baada ya hapo njia ni nyeupe.

Haikuwa hivyo. Alianza kutolewa kwa mkopo: Bromley, Weymouth, Gillingham, Aldershot. Baadhi ya timu hizo wakati huo zilikuwa chini ya ligi daraja la nne, viwanja vyao ni vidogo na mashabiki wanasimama karibu kabisa na mstari. Mwaka 2024 akahamia Salford City, timu ya daraja la nne inayojulikana kwa kumilikiwa na nyota wa zamani wa Manchester United.

Hili tulizingatie, kwa sababu wengi wetu tunaamini aliyezaliwa Ulaya amekuta mkate umeshapakwa siagi. Mnoga ni beki anayepigania namba kila wiki, sawa na kijana wa Mtibwa Sugar anayepigania namba pale Manungu. Kilicho tofauti ni kwamba amefundishwa tangu utotoni, amekula vizuri, ametibiwa goti lake likiuma, na kila Jumamosi ana mechi.

Mwaka 2022 akaichezea Tanzania kwa mara ya kwanza, na Januari 2024 alikuwa na Stars kwenye AFCON ya Ivory Coast. Kikosi hicho kilikuwa na wengine wa aina yake, kama Tarryn Allarakhia na Ben Starkie, wote wazaliwa wa Uingereza. Na kule Morocco, bao letu dhidi ya Nigeria lilifungwa na Charles M'Mombwa, ambaye soka lake lilikulia Australia.

FIFA inasema nini

Wengi wanauliza: mtu anaweza tu kuamka na kuchagua nchi? Hapana. Kanuni za FIFA zinadai vitu viwili kwa pamoja.

Kwanza, awe raia wa nchi anayotaka kuichezea. Pili, awe na uhusiano wa kweli na nchi hiyo: amezaliwa huko, au mzazi wake amezaliwa huko, au babu au bibi yake amezaliwa huko, au ameishi huko kwa muda uliowekwa. Kwa mtu mzima muda huo ni miaka mitano.

Kuchezea timu ya vijana ya nchi moja hakumfungi moja kwa moja. Lookman alitwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 akiwa na Uingereza mwaka 2017, leo ni nguzo ya Nigeria. Hata mechi ya kirafiki ya wakubwa haimfungi. Brahim Díaz aliichezea Hispania mechi moja ya kirafiki mwaka 2021, kisha mwaka 2024 akaenda Morocco, nchi ya asili ya upande wa baba yake.

Ndiyo maana tusichanganye habari hii na ile ya Januari 2025, pale Serikali ilipowapa uraia wachezaji watatu wa Singida Black Stars: Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Arthur Bada wa Ivory Coast na Muhamed Damaro Camara wa Guinea. Hao hawana mzazi wala babu wa Kitanzania. Pasipoti inabadilisha hesabu yao kwenye ligi, kwa sababu hawahesabiwi tena kuwa wageni, lakini kwa FIFA pasipoti peke yake haitoshi kuvaa jezi ya Stars. Ni lazima muda wa kuishi nao utimie.

Ugumu uko kwenye sheria yetu

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje kuwa Mtanzania kwa kurithi, iwapo baba au mama yake ni Mtanzania. Lakini kuna mafundo mawili.

Fundo la kwanza: urithi huo hauendi mbali. Kama mzazi mwenyewe alizaliwa nje na uraia wake ni wa kurithi, mtoto wake hapati moja kwa moja. FIFA inakubali babu, sheria yetu inaishia kwa mzazi.

Fundo la pili ndilo kubwa. Mtoto anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini akifika miaka 18 anatakiwa kuchagua mmoja. Sasa jiweke kwenye viatu vya kijana wa miaka 18 aliye kwenye akademi ya Uingereza. Akiuacha uraia wa Uingereza, ameacha haki ya kuishi na kufanya kazi kule bila kibali. Na vibali vya kazi kwa wanasoka wa kigeni kule havitolewi kama karanga. Kwa hiyo tunamwambia: njoo utuchezee, lakini hatarisha kibarua chako. Wengi watakaa kimya, nasi tutasema hawana uzalendo.

Wenyeji wenzetu wa AFCON 2027 hawana fundo hilo. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010. Uganda nayo inaruhusu. Ikpeazu aliyetufunga ana baba Mnigeria na mama Mganda. Amekwenda kwa wajomba, na wajomba wamempokea. Kwa sisi watu wa Morogoro hilo halina ugeni, maana Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama, na mtoto haulizwi kwa nini anasimama upande huo. Katika nchi tatu zitakazoandaa mashindano yale, ni sisi pekee tunaomtaka mtu mzima achague upande mmoja.

Yapo mabadiliko ya sheria yaliyoleta hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Yanawasaidia katika mambo kama kuingia nchini na umiliki wa ardhi. Lakini hadhi maalumu si uraia, na FIFA inauliza uraia. Kwa mwanasoka, mlango huo bado haujafunguka.

Je, watawabania vijana wa Manungu?

Hoja ya upande wa pili ina uzito na haifai kubezwa. Wapo wanaohofia kwamba uraia wa nchi mbili utagawa uaminifu wa mtu, na wapo wanaohofia ardhi. Na wazazi wa hapa Turiani wana swali lao la moja kwa moja: mtoto wangu anayekimbia na mpira pembeni ya mashamba ya miwa atapata wapi nafasi, ikiwa namba zinachukuliwa na waliozaliwa Ulaya?

Ukweli ni kwamba njia ya nyumbani haijafungwa. Mbwana Samatta alitokea Mbagala, akapita African Lyon, Simba na TP Mazembe, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Katika mabao yetu matatu kule Morocco, mawili ni ya Simon Msuva na Feisal Salum, vijana waliokulia kwenye viwanja vya hapa hapa.

Na mfano wa Morocco yenyewe unafundisha pande zote mbili. Kombe la Dunia la 2022 walifika nusu fainali wakiwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje ya nchi. Wakati huohuo wamejenga akademi kubwa nyumbani kwao. Hawakuchagua kimoja wakaacha kingine. Hatari kwetu ni kuwatafuta wa nje ili tusijenge vya ndani. Mtibwa Sugar, mabingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, walishuka daraja msimu wa 2023/24, kisha wakarudi Ligi Kuu kwa kutwaa ubingwa wa Championship msimu uliofuata. Mnoga hakuwa sababu ya kushuka kwao, na wala hatakuwa sababu ya kijana wa Turiani kukosa kiatu, kocha na uwanja usio na mashimo.

La kufanya kuanzia leo

Sheria itajadiliwa bungeni, si vijiweni. Lakini yapo yaliyo mikononi mwetu.

Kama una ndugu aliyezaa nje na mtoto ana kipaji, mwambie aanze kuulizia ubalozini na Uhamiaji mapema, kabla mtoto hajafika miaka 18. Baada ya hapo uchaguzi unakuwa mgumu na wa haraka. Cheti cha kuzaliwa cha mzazi wa Kitanzania kiwe mahali salama, maana ndicho kitakachothibitisha asili.

Na kama mwanao anachezea timu ya mtaa hapa Mtibwa au kijiji chochote cha Mvomero, hakikisha naye ana cheti cha kuzaliwa chenye tarehe sahihi. Timu za vijana zinapanga wachezaji kwa umri, pasipoti inaanzia kwenye cheti, na mwenye kipaji asiye na karatasi huachwa kituoni basi likiondoka.

AFCON 2027 itachezwa nyumbani kwetu. Kijana wa Kitanzania aliyeko Uingereza, Denmark au Sweden na aliye na miaka 16 au 17 sasa hivi, muda wake wa kuchagua unahesabika kwa miezi. Wenzetu wameshamfuata wao. Sisi bado tunajadili kama ni mwenzetu.