Macho Mekundu Si Uchawi: Hoja kwa Wahakiki wa Kazi za Kutisha

Nina ugomvi na wahakiki wenzangu wa kazi za kutisha. Filamu ikitoka, huhesabu damu, moshi na mayowe, kisha huuliza swali moja: je, imetutisha? Jibu likiwa ndiyo, sifa humiminika. Mimi niishiye Tarime nasema swali hilo halitoshi.

Tazameni neno lenyewe. "Ogofya" limezaliwa na "ogopa". Ni kitenzi cha kusababisha, na ndani yake mna watu wawili: anayeogofya na anayeogofywa. Mhakiki asiyeuliza nani amewekwa upande upi hajaihakiki kazi. Amepima mapigo ya moyo wake tu.

Basi tumtazame anayeogofya katika filamu zetu. Tangu Mussa Banzi alipotupa Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa miaka ya 2000, soko la Dar es Salaam limetuletea majini, mizimu na wachawi wengi. Na majini sina neno. Ugomvi wangu ni juu ya bibi kizee mwenye macho mekundu, aishiye peke yake pembeni mwa kijiji, ambaye mtazamaji hutakiwa amtambue kuwa mchawi kabla hajatamka lolote. Huku Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa alama hiyohiyo. Wekundu wenyewe hauna siri: ni miaka na miaka ya kupuliza kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, katika jiko lisilo na dirisha. Mhakiki anayesifu macho hayo kwa kuwa "yametisha kweli kweli" anasaidia kunoa panga.

Nitaambiwa kwamba hiyo ni burudani tu, na watu wanajua kutenganisha. Wangejua, vikongwe wasingehukumiwa kwa rangi ya macho. Hofu iliyofundishwa sebuleni hutoka nje pamoja na mtazamaji.

Wala sisemi tuache kutisha. Fasihi yetu ilikwisha kuonyesha njia. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale. Jina linaogofya na maiti inaokotwa penye mzimu, lakini Bwana Msa hatulii mpaka amemtafuta muuaji miongoni mwa walio hai. Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimfufua mzee, akamtuma kwa mjukuu mwenye madaraka. Waandishi hao walitutisha bila kumtwika mnyonge lawama.

Na anayetaka kuijua hofu ya huku kwetu aitazame filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter, iliyopigwa wilayani Serengeti. Wasichana wanatoroka makwao wasikeketwe, wanakimbilia nyumba salama ya Mugumu inayoongozwa na Rhobi Samwelly. Zimwi hamna. Wanaokimbiwa ni wazazi na jamaa, ilhali sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kukataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mtasema hiyo ni filamu ya hali halisi, haimo katika utanzu wetu. Vema, basi waulizeni watunzi wa kubuni kwa nini msichana anayekimbia usiku wa Desemba hajawa mhusika wao, na ajuza anayeota moto amekuwa.

Muziki nao uhakikiwe. Mganga akiingia kwenye filamu, ngoma za asili hulia ili tutetemeke. Ritungu la Wakurya, lenye nyuzi nane na sauti nzito, huku hupigwa watu wakisherehekea. Anayesikia kuzimu ndani ya sauti hiyo amefundishwa kuiogopa, na mhakiki ana wajibu wa kuuliza mwalimu wake ni nani.

Nadai jambo moja. Kila tunapoandika kwamba kazi fulani imetisha, tumtaje aliyeogofywa, tumtaje aliyefanywa kitisho, tena tuseme kama mtunzi amemwonea. Nanyi washairi, kabla hamjatia macho mekundu katika ubeti mpate vina na woga, nendeni kwanza jikoni kwa bibi mkaketi naye penye moshi.