Waraka kwa Wanajumuiya: Somo Lisilo na Mwalimu Lisimwangukie Mgeni

KWA: Wanajumuiya wote wa Jumuiya ya Kujifunza, walimu wa sekondari katika kata yetu
NAKALA: Wakuu wa shule na walimu wa taaluma
YAH: WALIMU WAPYA WANAOPANGIWA MASOMO WASIYOSOMEA

Ndugu wanajumuiya,

Walimu wa ajira mpya wameanza kuripoti. Baadhi yao wamekwisha kukabidhiwa chaki, ratiba na somo ambalo mara ya mwisho walikutana nalo katika mtihani wa kidato cha nne, na pengine waliliaga kwa furaha. Aliyesomea Historia na Kiswahili ameshikishwa Hisabati kidato cha kwanza. Wa Jiografia amepewa masomo ya biashara. Wa Kiingereza ameambiwa ashike Baiolojia "kwa muda", na sote tunaujua muda huo: huisha siku mtu anapopata uhamisho. Waraka huu unawahusu hao, lakini nawaandikia hasa tuliowatangulia, kwa kuwa ratiba hawakuipanga wao.

Naomba tukubaliane jambo moja. Mwalimu kupewa somo asilosomea ni tatizo la shule nzima. Tukiliacha liwe siri yake, atalificha, na litakapofichwa ndipo mwanafunzi atakapoumia.

Tulipofikia si fumbo. Kati ya mwaka 2005 na 2010 shule za sekondari nchini ziliongezeka kutoka pungufu ya 2,000 hadi zaidi ya 4,000, nyingi zikiwa shule za kata zilizosimama kwa nguvu za wananchi. Kuta zilipanda upesi kuliko walimu walivyopatikana. Waliokuwepo hawajawasahau vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa moja kwa moja madarasani; mtaa ukawabatiza "voda fasta". Mwaka 2016 ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne, madarasa yakafurika. Kukawa na walimu wengi wa sanaa huku vipindi vya Hisabati na Fizikia vikikosa mtu, hata miaka ya 2017 na 2018 baadhi ya walimu wa sanaa wa sekondari wakahamishiwa shule za msingi. Mtu aliyezoea kueleza Vita vya Majimaji kidato cha tatu akajikuta anafundisha silabi. Sasa mtaala ulioboreshwa umeleta masomo kama Historia ya Tanzania na Maadili, ambayo wengi wetu hatukuyakuta chuoni kwa sura hiyo. Ongezeni na hili: chuoni wengi wetu tulisomea masomo mawili ya kufundishia, lakini shule ina masomo kumi na zaidi. Penye walimu wachache, hesabu hiyo haikubali.

Kwa hiyo sitawaambia kwamba jambo hili litakoma mwakani. Ninachotaka tukitazame ni namna tunavyoligawa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa jembe siku ya kwanza, tena tunamwonyesha shamba ambalo wenyeji wote wamelikimbia. Mwalimu mzoefu anachagua kidato na mkondo anaoupenda. Kinachobaki ubaoni bila jina ndicho kinachoandikiwa jina la mgeni. Naye ni mgeni kweli: hajapata chumba, mshahara wa kwanza haujaingia, hamjui mkuu wa shule akikasirika anakuwaje. Atasema hapana kwa nani?

Basi anakubali, halafu anajificha. Dalili zake tunazijua. Kipindi kizima kinaisha kwa kunakilisha: mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri anasimama ubaoni na kitabu, wengine wanaandika. Mada ngumu zinarukwa, na kwenye shajara zinasomeka kuwa zimefundishwa. Maswali yanajibiwa kwa ukali. Mwanafunzi aliyeuliza kwa nia njema anaambiwa anajifanya mjuaji, na darasa linajifunza kunyamaza. Hakuna mtovu wa nidhamu hapo. Kuna mtu anayeogopa kuumbuka mbele ya watoto sitini.

Chukueni mfano wa Hisabati. Kila mwaka, kidato cha kwanza wakifika kwenye namba hasi, atatokea mmoja wa kuuliza: kwa nini hasi mara hasi inaleta chanya? Mwalimu aliyeachwa peke yake atajibu, "Ni kanuni, ishike." Lakini mwenzake akimwonyesha jioni moja tu, ataingia darasani na kuandika ubaoni, mstari chini ya mstari:

3 × (−2) = −6
2 × (−2) = −4
1 × (−2) = −2
0 × (−2) = 0

Kisha ataacha chaki na kuuliza: upande wa kulia jibu linabadilikaje tunaposhuka? Watasema linaongezeka kwa mbili kila hatua. Mstari unaofuata upande wa kushoto ni upi? Ni (−1) × (−2). Basi jibu lake ni lipi? Watasema 2 wenyewe kabla hajaandika. Huo si uthibitisho kamili wa mwanahisabati, lakini mtoto wa kidato cha kwanza amepata sababu badala ya amri. Kulijua hilo hakuhitaji shahada nyingine. Kunahitaji mtu wa idara aliye tayari kukaa na mwenzake kabla ya kipindi.

Masomo ya biashara nayo yana mitego yake. Mwalimu ameeleza kwamba katika daftari la fedha, pesa inayoingia huandikwa upande wa debiti. Mwanafunzi ananyoosha mkono: mbona benki mzazi akitoa pesa wanaandika kuwa akaunti yake imedebitiwa? Swali zuri kuliko yote ya wiki hiyo. Jibu ni kwamba benki inaandika daftari lake, si la mzazi. Pesa ya mteja, kwa benki, ni deni inalodaiwa. Mteja akichukua pesa, deni hilo linapungua, na kupungua kwa deni huandikwa debiti. Muamala ni mmoja, madaftari ni mawili, kila moja likiangalia kutoka upande wake. Mhasibu wa shule, pale alipo, hulieleza hilo kwa dakika tano. Lakini nani amemwambia mwalimu mpya wa Jiografia kwamba anaruhusiwa kugonga mlango huo na kuuliza?

Tusisahau pia kwamba mgeni haji mikono mitupu. Mpeni mwalimu wa lugha maswali ya Hisabati ya maelezo, muone. Swali linaposema "tano pungufu ya mara mbili ya namba", wanafunzi wengi huandika 5 − 2n kwa kuwa tano imetajwa kwanza, wakati jibu ni 2n − 5. Mtaalamu wa Hisabati aliyeona jambo hilo wazi tangu utotoni anaweza asielewe linakwama wapi. Mwalimu wa lugha atalikamata, atawafanya wasome sentensi kwa vipande, wapige mstari chini ya kinachopunguzwa na kinachopunguziwa. Tukiwaweka wawili hao meza moja, kila mmoja ataondoka na kitu.

Baada ya maelezo hayo, naomba tutekeleze yafuatayo.

Kwanza, ratiba. Walimu wa taaluma, kabla ya kubandika ratiba, pitieni majina upya. Mwalimu mpya asipewe kidato cha pili wala cha nne katika somo asilosomea; hayo ni madarasa ya upimaji na mtihani wa taifa, na wanaoyaweza ni wazoefu. Kama ni lazima ashike somo geni, aanze na kidato cha kwanza au cha tatu, kwa mikondo michache. Na kwa vyovyote abakiziwe walau mkondo mmoja wa somo lake mwenyewe. Mtu anahitaji mahali pa kusimama imara kwa wiki, ili kwingine awe na ujasiri wa kujifunza.

Pili, kusema mapema. Mwalimu mpya, ukipangiwa somo usilosomea, usigome na usinyamaze. Andika barua fupi ya heshima kwa mkuu wa shule: nimepokea jukumu la kufundisha somo hili; nalipokea; masomo yangu ya kufundishia ni haya na haya; naomba nipangiwe mwalimu mlezi, nipatiwe muhtasari na vitabu vya kiada, na niruhusiwe kuhudhuria vipindi vya mwenzangu. Barua hiyo haikupunguzii hadhi. Inaweka kumbukumbu sawa wathibiti ubora wa shule watakapofika, na inamkumbusha mkuu wa shule kuwa pengo bado liko wazi na linastahili kuombewa mwalimu.

Tatu, maandalizi. Anza na muhtasari, usianze na kitabu. Kitabu kitakupeleka kwingi, muhtasari utakuambia mwanafunzi anatakiwa aweze kufanya nini. Kisha tafuta taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hutolewa kwa kila somo, na zinaonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi na kwa sababu gani. Kwa mwalimu mgeni wa somo, taarifa hizo ni ramani ya mashimo ya barabarani. Vitabu visipotosha, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ipo bila malipo. Na kila zoezi utakalowapa wanafunzi, lifanye mwenyewe kwanza usiku wake, mpaka jibu la mwisho. Ukikwama saa mbili usiku, una muda wa kumpigia mwenzako. Ukikwama saa mbili asubuhi mbele ya darasa, huna.

Ukiulizwa usilolijua, sema: "Swali hili sijalipatia jibu la uhakika, nitakuja nalo kipindi kijacho." Halafu njoo nalo kweli. Wanafunzi humsamehe mwalimu anayetafuta. Anayebuni jibu humkumbuka miaka mingi.

Nne, ulezi. Kila mwalimu wa somo asilosomea awe na mlezi anayejulikana kwa jina, wa shule yake au ya jirani. Mlezi afanye mambo matatu: aandae naye andalio la somo mara moja kwa wiki, amruhusu akae nyuma darasani kwake, naye akakae nyuma darasani kwa mwenzake bila kalamu nyekundu. Wakuu wa shule, muwapunguzie walezi zamu au vipindi ili kazi hii ifanyike mchana, isisubiri hisani ya mtu baada ya saa za kazi. Mafunzo endelevu ya walimu kazini yalikusudiwa mambo kama haya. Vikao vyetu vya jumuiya visiishie kwenye kusaini mahudhurio na kusubiri chai.

Tano, maabara. Hapa sitaki ushujaa. Asiyesomea Kemia anaweza, kwa kusaidiwa, kufundisha nadharia yake. Mazoezi ya vitendo asiyaongoze peke yake. Maji yakimiminwa juu ya asidi kali ya salfuriki, huchemka ghafla na kuruka usoni. Asidi ndiyo inayoongezwa kidogokidogo kwenye maji, na hilo ni moja tu kati ya mengi ambayo mtaalamu huyafanya bila kufikiri. Pasipo na mwalimu wa Kemia wala fundi sanifu wa maabara, zoezi lisubiri siku mwalimu wa shule jirani atakapokuja. Kuchelewa kwa zoezi kunafidika, jicho la mtoto halifidiki.

Sita, matokeo. Ufaulu wa Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne kwa miaka mingi umezunguka robo ya watahiniwa au pungufu, na alama ya kufaulu ni 30 tu kwa 100. Deni hilo limelimbikizwa na wengi, tangu shule za msingi. Kwa hiyo katika vikao vya tathmini, tusimsimamishe mwalimu wa mwaka wa kwanza ajibu kwa nini darasa lililokaa mihula mitatu bila mwalimu limepata F. Tuulize kwanza: alikuwa na mlezi? Alitembelewa mara ngapi? Vitabu alivipata? Majibu yakiwa hapana, hapana na hapana, basi wanaopaswa kusimama ni sisi.

Najua yapo manung'uniko. Wapo watakaosema na sisi tulitupwa hivyohivyo tukaogelea. Ni kweli, wengine tuliogelea. Lakini wanafunzi tuliojifunzia juu yao wako wapi leo? Mateso ya mwalimu mmoja hayawi mtaala wa mwingine. Na wapo watakaosema kumsaidia mwalimu wa somo geni ni kuwapa wakubwa kisingizio cha kutoleta wataalamu. Hapana. Shule inayoandika wazi nani anafundisha asichosomea ndiyo inayoweza kudai mwalimu kwa ushahidi. Shule inayoficha, kwenye karatasi haina upungufu wowote.

Kwa hiyo agizo la utekelezaji ni hili. Kwenye kikao kijacho cha jumuiya, kila shule ije na jedwali la safu tatu: jina la mwalimu, somo analofundisha bila kulisomea, na jina la mlezi wake. Lisainiwe na mwalimu wa taaluma, na nakala iende kwa Afisa Elimu Kata. Shule itakayokuja na safu ya tatu tupu isione haya kuja. Tutaijaza palepale, kwa walimu waliomo ukumbini, na hatutafungua ajenda nyingine mpaka kila mgeni awe na jina la mtu wa kumpigia usiku huo.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti wa Jumuiya