Sakafu ya bahari nayo yahitaji majina

Kuipiga picha bahari ni jambo moja. Kueleza kilichoonekana ni jambo jingine. Siku hizi watafiti huteremsha kamera za video hadi sakafu ya bahari, ama mkononi mwa mpigambizi, ama zikikokotwa na mashua. Hata hivyo, picha hizo hazijisemei. Sharti mtu aketi mbele ya kompyuta, azisimamishe kila baada ya muda maalumu, kisha aandike: hapa mchanga, hapa tope, hapa matumbawe hai, pale jongoo wa baharini, pamoja na saa, kina na mahali. Maandishi hayo ndiyo yanayozaa ramani ya makazi ya viumbe.

Wengi huidhania kazi hii kuwa ya wanasayansi peke yao. Kwa maoni yangu, ni kazi ya lugha vilevile. Anayeandika huainisha, na kuainisha kwahitaji maneno yenye mipaka. Ndiyo sababu watu wawili huweza kupewa picha zile zile, kila mmoja akaziandikia peke yake, kisha mwafaka wao ukapimwa, aghalabu kwa kipimo alichokibuni Jacob Cohen mwaka 1960. Wanaisimu nao hukitumia kipimo hicho. Neno likiwa na utata, mwafaka hupungua.

Tuchukue neno mwani. Katika mazungumzo ya pwani, huweza kujumuisha vitu viwili visivyo na udugu: mwani wenyewe, usio na mizizi ya kweli, na nyasi za baharini, zenye mizizi na maua, ambazo ni malisho ya nguva. Vyote viwili vikiandikwa jina moja, ramani itayaficha malisho hayo. Kadhalika, asiyetenganisha tumbawe hai na lililokufa hawezi kutueleza hasara ya mwaka 1998, joto la bahari lilipoyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya pwani yetu.

Wenzetu wametangulia. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha mfumo wa pamoja wa majina, uitwao CATAMI, unaoainisha viumbe kwa umbo pale ambapo picha haitoshi kubainisha spishi.

Msomaji atauliza: majina ya Kiingereza yapo, ya Kiswahili ya nini? Ramani hizi huweza kutumiwa kuamua wapi pavuliwe na wapi pafungwe. Mvuvi wa Vanga au Kiunga ana haki ya kuielewa hoja inayomfungia bahari, na kuipinga ikiwa na kosa. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Urasmi huo usiishie ufuoni. Isitoshe, kompyuta sasa zafunzwa kutambua viumbe kwa kufuata maandishi ya binadamu. Jina likikosewa leo, mashine italirithi kosa hilo kesho.

Basi idara za Kiswahili, wanasayansi wa bahari na wavuvi waketi pamoja watunge orodha fupi ya istilahi, kila moja na fasili na picha yake. Walimu wa pwani nao wawatume wanafunzi kwa wavuvi wazee wakayakusanye majina kabla hayajapotea. Wahenga walinena kwamba jina jema hung'aa gizani. Na huko chini ya bahari, giza si haba.