Ukulima na Ufugaji: Nyumba ya Nguruwe wa Kunenepesha

Katika miteremko ya Mlima Kenya, upande wa Meru na Embu, wako wakulima wafugao nguruwe wachache kando ya kahawa na ng'ombe wao. Wengi hudhani kwamba faida hutoka katika chakula peke yake. Sivyo. Nguruwe ashibaye lakini akalala topeni hutumia chakula chake kuupasha mwili joto, wala hanenepi upesi.

Hesabu yake ni rahisi. Nguruwe huanza kunenepeshwa akiwa na kilo 30 hivi, naye akitunzwa vema hufikia kilo 90 apatapo miezi 6. Katika banda zuri aweza kuongeza kilo 1 kwa kula kilo 3 hivi za chakula. Katika banda baya huenda zikawa 4. Kwa nguruwe 10 tofauti hiyo ni kilo 600 za chakula, nazo ni fedha zilizotupwa.

Basi banda lijengwe hivi. Kila nguruwe mkubwa apate mita 1 ya mraba ya kulala, mbali na mahali pa kunyea. Sakafu iwe ya saruji isiyoteleza, na katika kila mita 1 ishuke sentimita 3 hadi 5 ili mkojo utiririke nje. Hori liwe na sentimita 35 kwa kila nguruwe, wanyonge wasije wakasukumwa na wenye nguvu. Urefu wa banda utoke mashariki kwenda magharibi, ili jua kali lisiingie ndani. Juu kwenye majani chai, ambako usiku ni baridi, ukuta uzuie upepo na matandiko makavu yawekwe. Chini Mbeere pana joto, na nguruwe hatoki jasho kama mtu. Huko paa la nyasi na kivuli cha miti hufaa kuliko mabati matupu.

Wanyama wa kimo kimoja wakae pamoja, wala wageni wasichanganywe nao ovyo, maana watapigana. Maji safi yawepo mchana na usiku. Mavi yaondolewe kila siku, yakawe mbolea ya migomba.

Tena banda ni ngome. Mwaka 1921 daktari wa mifugo R. E. Montgomery alichapisha habari za homa ya nguruwe iliyowaua nguruwe wa walowezi hapa Kenya. Homa hiyo ingaliko, wala haina dawa ya kuiponya. Ngiri huichukua bila kuugua. Kwa hiyo nguruwe asizurure, wageni wasiingie bandani, na makombo ya jikoni yachemshwe nusu saa kabla ya kulishwa.

Nguruwe azururaye hula pia kinyesi cha watu, na humo hupata mayai ya tegu. Mtu alaye nyama yake isiyoiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo yakimezwa na watu kwa mikono michafu au maji machafu, vifuko vyake vyaweza kuingia ubongoni na kuleta kifafa. Choo cha shimo na mlango wa banda uliofungwa huwalinda watoto wa nyumbani.

Mwisho, mfugaji aandike uzito, chakula na gharama zote. Mali bila daftari hupotea bila habari.